Nyongeza ya Upande wa Pili

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi Nekesa, mwenye nyumba, mdogo wangu Naliaka, ambaye hushona sare za shule kule Komarock, kitinda mimba wetu Wafula, fundi wa kuchomelea vyuma na mpiga gitaa, Brayo, kijana mwenye studio, ambaye kwa umri angeweza kuwa mtoto wa yeyote kati yetu, Mzee Mutua, aliyenifunza kazi, na Kalekye, bintiye Mzee Mutua, aliyemleta akimshika mkono. Jirani mmoja alibisha akitaka kuazima ungo. Tulimnyooshea ungo mlangoni bila kusema neno, akaondoka akinyata, akidhani tuko kwenye maombi.

Nawataja wote kwa sababu nikilisimulia jambo hili watu husema natia chumvi. Basi kawaulizeni hao.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi kanda. Wengi wenu vijana mmeiona kanda kwenye picha tu, kile kiboksi cha plastiki chenye matundu mawili. Sisi tulikuwa na kibanda hapa Dandora, na ndani yake santuri zimepangwa hadi darini. Mteja alikuja na nyimbo zake kichwani: huu kutoka albamu hii, ule kutoka albamu ile, na mwingine hajui jina lakini anaweza kukupigia mluzi. Mimi nilizitafuta moja moja na kuzihamishia kwenye kanda moja. Yale mnayoyafanya kwa kidole mkiwa mmelala kitandani, mimi niliyafanya kwa deki mbili, pamba na chupa ya spiriti, na mteja akarudi kesho kutwa kuchukua.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia napinga watu kuchagua nyimbo. Kuchagua ndiko kulikowalisha wadogo zangu.

Baba na mama walifuatana haraka, wa pili hata kabla majirani hawajamaliza kutupa pole ya wa kwanza. Nilikuwa darasa la saba. Naliaka alikuwa ameanza shule, Wafula alikuwa bado anatambaa chini ya meza kutafuta vitu vya kutia mdomoni. Niliacha shule bila kuaga mwalimu, nikaanza kuuliza kazi mlango kwa mlango. Mzee Mutua, ambaye wakati huo hakuwa mzee hata kidogo, aliniuliza swali moja tu.

"Unaweza kukaa kimya?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nisije nikaharibu kwa kujibu.

Akanipa stuli, akaweka santuri, akaenda kunywa chai. Aliporudi nikamwona anageuza upande wa pili na kwenda tena. Albamu ilipokwisha akasimama mbele yangu.

"Umesikia nini?"

"Wimbo wa kwanza ni mzuri sana."

"Na wa nne?"

"Wa nne sikumbuki."

"Rudia," akasema, akairudisha sindano mwanzoni.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda. Hukati wimbo kutoka albamu ambayo hujaisikiliza yote, pande zote mbili, ukiwa umeketi, bila kazi mkononi. Wateja wanaweza kuchagua wanavyotaka, hiyo ni haki yao. Wewe unayewakatia lazima ujue wimbo ulitolewa kati ya nini na nini. Siku za kwanza niliona huyu Mkamba ananichezea. Baada ya miezi michache nilikuwa naamka asubuhi nikikimbilia kazini, kwa sababu kulikuwa na albamu mpya mezani na sikujua ina nini ndani. Sina hakika kama kuna furaha nyingine ya namna hiyo. Uko karibu na mwisho wa upande, unadhani umeshamjua mwimbaji, halafu anakugeuzia njia.

Wafula alilelewa chini ya meza ile. Kila kanda ina vijino viwili vidogo vya plastiki mgongoni, na ukivivunja hakuna anayeweza kurekodi juu ya kazi yako. Mimi nilivivunja kwa bisibisi, Wafula akavikusanya kwenye mkebe wa maziwa ya unga na kuutikisa kama kayamba. Akilala, alilala na muziki. Mpaka leo ukimwekea wimbo mmoja halafu ukazima, anakuangalia kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Nilikosea sana mwanzoni. Kuna mama mmoja alitaka kanda ya harusi ya bintiye. Nikamjazia pande zote mbili nyimbo za kuchezeka tu, moja baada ya nyingine, zote moto. Nikajiona fundi. Jumatatu akaja amevaa kanga mabegani na uso wa polisi.

"Binti, wageni wangu walikula wamesimama."

"Kwa nini, mama?"

"Kila wakiketi, wimbo unawainua. Shemeji yangu amecheza na sahani ya pilau mkononi mpaka ikamwagikia padri. Hakuna hata wimbo mmoja wa kukaa?"

Mzee Mutua alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanichukulia albamu ileile niliyokuwa nimeikata vipande, akaniwekea yote. Nikaona mwenyewe: baada ya nyimbo mbili za mbio, mwenye albamu alikuwa ameweka mmoja wa taratibu. Alijua watu wana magoti. Mimi nilikuwa nimeuruka huo.

Sasa nifike kwenye nyongeza, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea nyumbani kwangu.

Kanda ya saa moja ina nusu saa kila upande. Nyimbo za mteja hazijazi nusu saa kikamilifu. Mwishoni hubaki dakika mbili tatu. Vibanda vingine viliacha nafasi hiyo ikawa kimya tu. Mzee Mutua alisema kuacha upande haujajaa ni sawa na mama wa sokoni kukupimia mboga asikuongezee hata jani. Tulijaza. Wimbo huo wa mwisho mteja hakuuomba, na sisi ndio tuliouchagua. Tuliuita nyongeza, na ulikuwa na masharti: utoke kwenye albamu ambayo mteja haijui, na uwe wimbo ambao hakuna mtu anayeuomba. Ule uliojificha katikati ya upande wa pili. Mwenye masikio atarudi kuuliza.

Na walirudi. Mama mmoja wa jumuiya alinipa kazi ya nyimbo za kwaya tupu. Nikapima, zikabaki dakika nne. Nilikuwa nimetoka kusikiliza albamu moja ya rumba iliyonichanganya akili, nikachukua humo wimbo mtamu wa polepole nikauweka mwishoni. Kumbe kanda ilichezwa nyumbani kwake siku ya maombi ya akina mama. Kwaya ikaisha, wakainamisha vichwa kwa sala ya kufunga, gitaa likaingia.

Nilipomwona akija nilimwambia Mzee Mutua, "Leo nafutwa."

Yule mama akaegemea dirisha la kibanda, akatazama kushoto na kulia.

"Ile ya mwisho," akanong'ona, "ilitoka wapi?"

"Mama, nisamehe, ilikuwa—"

"Sikuulizi hivyo. Nataka albamu yake yote. Na uniandikie juu 'Mahubiri', mzee wangu asijue."

Huyo alikuwa mteja wetu mpaka kibanda kikafungwa, na mahubiri yake yalijaa kabati.

Kanda zilipokwisha tukaingia kwenye sidii, kisha flashi. Nilijifunza kompyuta nikiwa mtu mzima, na nilijifunza haraka kwa sababu sikuwa na wa kumtegemea. Lakini kitu kilibadilika. Kijana alitoka mtaa wa Pipeline na flashi yake akasema, "Jaza tu, mathee, mpaka ikatae." Nikamuuliza jaza nini. Akasema chochote. Flashi haina upande, haina mwisho unaouona, kwa hiyo haina pa kuweka nyongeza. Nilimjazia hadi ikakataa, akaenda, na sidhani kama mpaka leo amesikia hata robo. Baadaye hata hao wa flashi walipungua. Hivyo ndivyo nilivyostaafu: niliketi kibandani wiki nzima, ikapita, nikafunga.

Nikafikiri yameisha. Ndipo Wafula akaja.

Alikuja jioni na ovaroli lake la kazi, akasimama mlangoni badala ya kuketi. Kwa mwaka mzima alikuwa akienda kwenye studio ya Brayo, chumba cha kulala kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na wamerekodi nyimbo kumi. Zake mwenyewe, hapo kwenye umri wake ambapo wenzake wanauliza dawa za mgongo.

"Dada, kuna shida. Brayo anataka tutoe mmoja tu. Wa pili, ule wa kuchezeka."

"Na hizo tisa?"

"Anasema ana vijana wanaosubiri midundo. Atafuta sauti yangu, awape wao waimbe juu yake." Alisema hivyo akitazama viatu vyake. "Studio ni yake, na kazi tumefanya wawili. Tumekubaliana uchague wewe. Anajua umechagua nyimbo maisha yako yote. Ukisema mmoja, ni mmoja."

Nilimuuliza yeye anataka nini.

"Mimi nilitaka zisikike zimefuatana," akasema. "Lakini nani atakaa?"

Nikamwambia amwambie Brayo aje Jumapili baada ya ibada. Nitachagua, lakini kwa sheria ya kibanda. Kisha nikampigia Kalekye, nikamwambia alete mwenye sheria.

Jumapili nilipika ndengu na chapati, watu wakala kwanza, kwa sababu tumbo likinguruma halisikilizi. Halafu nikazungusha sufuria tupu.

"Simu humu."

"Anti Nekesa, si kwa ubaya," Brayo akasema, "lakini mimi simu ni ofisi."

"Ofisi imefungwa. Ni Jumapili."

"Hata mimi najua hizi ngoma, nimezirekodi mwenyewe."

"Umezirekodi zikiwa vipande," Mzee Mutua akasema kutoka kitini. "Umewahi kuzisikia zimefuatana?"

Brayo akafikiri. "Zii, sijawahi," akakubali, akaiweka simu juu ya nyingine. Nikaifunika sufuria na kuipeleka jikoni. Mzee Mutua siku hizi hasikii vizuri, kwa hiyo tulimsogeza hadi kwenye spika, akaweka kiganja chake juu yake.

Wimbo wa kwanza ulianza na kitu nilichokijua kabla sijajua ni nini. Brashi. Brashi ya viatu, shwa-shwa, shwa-shwa, ndiyo ngoma. Juu yake Wafula anaimba kuhusu mwanamume aliyeketi kwenye kizingiti anang'arisha viatu kabla ya kutembea hadi kiwandani, ambako hana hakika kama leo ataitwa langoni. Ni baba. Wafula alikuwa mdogo mno kumkumbuka uso, lakini alikuwa na urefu wa viatu. Naliaka alinitazama, nami nikamfanyia ishara ya kunyamaza.

Wa pili ni ule wa Brayo, na ni kweli ni moto. Kalekye alicheza akiwa ameketi, mabega tu. Wa tatu, wa nne, wa tano. Hapo nikasema, "Tumemaliza upande. Geuzeni miguu," tukajinyoosha, Brayo akatazama kule jikoni kwenye simu yake kama mtu anayetazama hospitali alikolazwa ndugu yake.

Wa sita ulikuwa wa furaha, watoto wanacheza mpira wa makaratasi. Ukaisha ghafla. Na wa saba ukaingia bila ngoma, gitaa moja, polepole, sauti ya Wafula ikiwa karibu kama anaongea. Huo unaitwa "Viatu Mlangoni". Nyumba imejaa wageni wa matanga, na mtoto ameketi pale mlangoni wageni walipovua viatu. Havijui jozi zake, vimepandana. Kila mgeni akiaga, jozi moja inaondoka. Mtoto anadhani ni mchezo. Anahesabu vinavyobaki. Viatu vya mjomba vikaenda. Vya mwalimu vikaenda. Vya mama wa maziwa vikaenda, na vikabaki—

Stima ikapotea.

Friji ya jirani ilikuwa bado inanguruma, kwa hiyo tulijua ni sisi tu. Tokeni za umeme zilikuwa zimeisha. Ile mita ilikuwa imelia tangu asubuhi, nami kwa haraka ya chapati nikaipuuza.

Wafula alikuwa ameinama. Brayo akainuka, akaenda moja kwa moja jikoni, tukasikia mfuniko wa sufuria ukifunguka. Nikajua amechukua simu yake, anaondoka, na zile tisa zimekwenda naye.

Akarudi akiwa na simu mkononi, kidole tayari.

"Anti, namba ya mita ni ngapi?"

Nikashindwa kuikumbuka namba niliyoikariri miaka yote.

"Haraka, anti. Viatu vilibaki vingapi?"

"Si ulirekodi wewe?" Naliaka akamwuliza.

"Nilikuwa natazama mawimbi kwenye skrini. Sikuwa nasikiza maneno."

Kalekye akaenda kuisoma namba kwenye mita yenyewe. Brayo akanunua, akabonyeza, taa ikawaka. Akawa anakimbilia kompyuta kuurudisha wimbo, Mzee Mutua akainua mkono.

"Stima ikikatika, upande unaanza upya."

"Mzee, si tuendelee tu pale pale?"

"Uliza huyo," akasema, akinielekezea.

Na ni kweli, kibandani ilikuwa hivyo. Huunganishi upande uliokatika. Basi tukarudi wimbo wa sita, mpira wa makaratasi wote tena, huku Brayo akipiga goti lake kwa kukosa subira. Furaha ile ikaisha ghafla kama mwanzo, gitaa likaingia, wageni wakaanza kuondoka. Mjomba. Mwalimu. Mama wa maziwa. Na vikabaki jozi tatu, ndogo kabisa haina kamba.

Kisha gitaa likanyamaza na brashi ikarudi. Shwa-shwa. Ile ile ya wimbo wa kwanza, lakini nyepesi, ya mkono mdogo usiojua bado. Nilielewa ni mkono wa nani. Nilivipiga rangi viatu vya Naliaka kila asubuhi ya shule, na nilidhani Wafula amelala.

Sikilizeni, vijana. Ukiuchukua wimbo huo peke yake ukauweka kwenye simu, utasikia mtu anahesabu viatu, halafu kelele ya brashi. Utauruka. Hata mimi kibandani mteja angeniambia, "Huo ruka." Nguvu yake iko nyimbo sita nyuma, kwenye kile kizingiti. Hakuna kidole kinachoweza kuichagua.

Wa nane, wa tisa, wa kumi zikapita na hakuna aliyesogea. Zilipoisha Brayo akageuza kiti chake.

"Buda," akamwambia Wafula, "hao vijana nitawatengenezea midundo mingine."

"Una hakika?"

"Ningeuza hiyo brashi. Msee angerapu juu yake." Akatikisa kichwa. "Tunatoa zote. Hivyo hivyo zilivyofuatana."

Naliaka alipiga vigelegele, jirani wa ungo akajibu kutoka ng'ambo bila kujua ni za nini. Wafula alicheka, akafuta uso kwa mkono wa shati, akacheka tena. Mimi sikuulizwa tena kuchagua.

Mzee Mutua ndiye ambaye hakuwa ameondoa kiganja kwenye spika.

"Upande haujajaa," akasema.

"Zimeisha, Mzee," Brayo akamwambia kwa sauti ya juu. "Ni kumi."

"Nimesikia ni kumi. Upande wa kwanza ni mrefu kuliko wa pili. Kuna dakika kama tatu hivi. Nyongeza iko wapi?"

Nikamgeukia Wafula. Alikuwa na uso ule wa utotoni, wa mtu aliyeficha kitu kwenye mkebe.

"Niliacha makusudi," akasema. "Nyongeza siku zote ilikuwa kazi ya Dada."

"Mimi siimbi, Wafula."

"Uliimba kila siku jiko likikataa kuwaka."

Hiyo hakuipata chini ya meza ya kibanda. Ni wimbo wa mama, aliokuwa akiuimba akichambua maharagwe, na mimi niliuendeleza ili wadogo zangu wapate usingizi. Haumo kwenye santuri yoyote. Hakuna mtu duniani ambaye angeuomba.

Nilijaribu kukwepa. Nilimpigia Mzee Mutua nikamwambia nitaimba wimbo wa tenzi. Akasema, "Huo kila mtu anao," akakata. Kwa hiyo nilikwenda studio, nikavaa vile visikizio vikubwa, trei za mayai zikanitazama, nikaanza vizuri. Shida ni mwisho wake. Mimi nakumbuka unashuka. Naliaka anaapa kwamba unapanda. Tumeketi na ungo wa maharagwe katikati yetu Jumapili baada ya Jumapili, tunaimba, tunafika mahali pale pale, mmoja anashuka, mwingine anapanda, tunaanza kugombana kama wasichana wadogo, na maharagwe yote yamechambuliwa. Hakuna wa tatu wa kumwuliza.

Brayo alitoa albamu bila kutungoja. Zote kumi, na baada ya wimbo wa kumi akaacha dakika tatu tupu, kama Wafula alivyotaka. Akipata sauti yangu ataiingiza. Watu wanamwandikia kumwambia kazi yake ina kasoro, mwishoni hakuna kitu.

Kwa hiyo mkiisikiliza, anzeni mwanzo na mketi. Mkifika kwenye ule ukimya, msidhani simu zenu zimeharibika. Ni mimi. Nilimjazia kila mtu upande wake katika mtaa huu, na wa ndugu yangu ungali wazi.